Joto la Gunia

Nilianza vibaya. Niliamini kwamba ubaya ni joto, na kwamba mtu mbaya anaweza kujulikana kwa kumgusa tu. Wazo hilo sikuliokota hewani. Nililipata kwenye majani ya chai, kwenye hadithi za mwanamke niliyempenda, na kwenye mkono wa karani wa kituo, na kwa miaka mingi lilikuwa ndilo jambo pekee nililokuwa na hakika nalo hapa duniani.

Limenirudia majuzi, mlangoni pa duka ninalofanyia kazi hapa Sotik, duka la mbegu na dawa za mifugo. Mkulima mmoja alishusha gunia la majani mabichi ya chai, akaliegemeza ukutani upande wa jua, akaingia kununua chumvi ya ng'ombe. Kijana wa bodaboda aliyemleta akaona amepata kiti. Akalikalia, akatoa simu, akaanza kucheka peke yake. Mkulima hakuwa na haraka. Alikuwa na ndama anayeharisha na alitaka kunieleza habari zake tangu kuzaliwa. Nilipotoka kuleta mfuko uliokuwa nje, harufu ikanipiga kabla sijavuka kizingiti. Tamu, nzito, kama matunda yaliyosahauliwa ndani ya begi. Wenzangu mliokulia kwenye chai mnaijua. Ni harufu ya majani yaliyobanwa mpaka yakaanza kujipika yenyewe.

"Toka hapo!" nilimwambia yule kijana, kwa sauti iliyonishtua hata mimi.

"Pole, buda. Kwani kuna mtoto amelala ndani?"

Waliokuwa kwenye kibaraza wakacheka. Kijana akainuka, akapangusa suruali, akaenda kukalia pikipiki yake. Mimi nikarudi nyuma ya kaunta. Mkulima alipomaliza habari za ndama wake sikumwambia neno lolote la gunia lake. Walilipakia gunia wakaenda zao.

Mimi ni mtu wa kuhangaika na vitu vidogo. Chupa za dawa rafuni lazima zote zitazame mbele. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo kila ninachokijua nimejifundisha, kwa hiyo ninaogopa sana kukosea, kama mtu anayetembea na nguo za kuazima. Kurasa hizi nimeziandika nikazifuta, nikaziandika tena, kwa hofu ya kumdhulumu mtu kwa neno moja lililokaa vibaya. Lakini sasa hofu yangu kubwa zaidi ni kumstahi.

Baba alifariki kabla sura yake haijakaa kichwani mwangu. Mama yangu, Kemunto, alitoka upande wa Kisii akiwa amenibeba mgongoni, akaja kuchuna chai ya mzee mmoja kwenye kilima kilicho juu ya Sotik. Tulipewa chumba cha mabati nyuma ya zizi. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache aliyejivunia chai yake na kiti chake kwenye kamati ya kituo cha kununulia majani. Mkewe watu wote walimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. Nami nilimwita hivyo, ingawa hatukuwa wa damu yao wala wa kabila lao.

Nitamsemaje Kogo ili mumwone? Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, na alikuwa na mikono baridi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Kutwa nzima mikono yake ilikuwa kwenye maji na maziwa, na akikushika shavu ulihisi kama umeegemea mtungi. Alitufundisha shule ya Jumapili chini ya paa la kanisa lisilokuwa na dari. Siku moja mchungaji alimsimamisha mbele ya watu, akasema huyu mama ameweka mjane na yatima nyumbani kwake, nani mwingine hapa amefanya hivyo? Watu wakapiga makofi, kisha wakageuka kututazama mimi na Mama kwenye benchi la nyuma, kama wanavyotazama jogoo aliyeletwa kanisani kwa mnada. Mama alitazama viatu vyake. Mimi nilifurahi. Nilifikiri makofi yalikuwa yetu sote.

Alinipa mursik, maziwa ya kibuyu. Watoto wa majirani walipewa kikombe. Mimi nilipewa kibuyu chenyewe nikilambe mdomo wake. Alikuwa akichoma kijiti cha mti wa senetwet, akasugua nacho ndani ya kibuyu mpaka kuta zikawa nyeusi, ndipo akatia maziwa. Yakikaa siku zake yalitoka mazito, yenye vidoa vya kijivu kama majivu ya sigara. Yaliacha masizi pembeni mwa midomo. Wenzangu wa Kisii niliokutana nao baadaye walinishangaa kwa kuyapenda, lakini mimi ndiyo ladha ya kupendwa niliyoijua.

Na alikuwa na hadithi. Ile niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zimwi lililojifanya shangazi wa msichana. Lilivaa nguo za shangazi, likasema kwa sauti ya shangazi, likajua hata jina la mbwa. Msichana hakuwa na njia ya kulitambua, mpaka akakumbuka maneno ya mama yake. Akachukua tonge la siagi akasema, "Shangazi, nishikie hili nifunge mzigo wangu." Zimwi likashika. Siagi ikayeyuka, ikatiririka mpaka kwenye kiwiko, kwa maana zimwi laweza kuazima uso na sauti, lakini moto wake haliwezi kuuficha.

"Mtu mbaya anachoma," Kogo alikuwa akimalizia, huku akituwekea kiganja chake baridi kwenye paji la uso, mmoja baada ya mwingine. "Mtamjua kwa mikono."

Sasa mpelekeni mtoto mwenye hadithi hiyo kwenye kituo cha chai.

Kila alasiri wachunaji walipanga magunia kwenye meza ya mbao, na karani alipita. Alikuwa kijana mwembamba mwenye koti la mvua, asiyecheka kamwe. Kabla ya kupima alikunja mkono wa koti, akachomeka mkono mtupu ndani ya gunia mpaka kwapani, akatulia, macho ameyaelekeza mabatini kana kwamba anasikiliza. Kama ndani kulikuwa na ubaridi, aliitikia kwa kichwa na gunia likaenda kwenye mizani. Kama kulikuwa na joto, alilipindua juu ya turubai mbele ya kila mtu. Katikati ya majani ya kijani palikuwa na moyo mwekundu, unaofuka mvuke.

"Imechomeka. Hii siwezi pima. Rudisha."

Mimi sikujua habari za majani kukosa hewa. Niliona karani akichomeka mkono kumtafuta mtu. Niliona anaupata moyo wake, na moyo unatoka mwekundu.

Na ushahidi nilikuwa nao. Palikuwa na jirani mmoja, Cherono, mwanamke aliyejulikana kwa kupika pombe na kutukana wazee. Majani yake yaliungua mara kwa mara. Wanawake walinong'ona, "Huyo hata chai inamkataa." Leo ninajua kwamba Cherono alikuwa na gunia moja tu na shamba lake lilikuwa mbali kuliko yote, kwa hiyo alishindilia majani kwa magoti ili safari iwe moja, kisha akatembea nayo juani. Lakini wakati ule sikuwa na haja ya maelezo. Alikuwa mbaya, na mkono wa karani ulimjua.

Majani ya Mama hayakuwahi kukataliwa. Alichuna majani mawili na kichipukizi, hakushindilia, aliweka gunia kivulini mdomo wazi, na kila alipopita alitia mikono akayapindua kama mtu anayegeuza mtoto usingizini. "Yanataka kupumua," alikuwa akiniambia kwa Kikisii. Mzee, ambaye hakumsifu mtu, aliwahi kusema kituoni kwamba mikono ya Kemunto ndiyo iliyoshikilia jina la shamba lake. Nilimtazama mama yangu kwa fahari. Alikuwa mwema, na palikuwa na kipimo.

Kisha akaja Chebet, mtoto wa dada yake Kogo, kutoka pande za Bomet, na mtoto mchanga asiyezungumziwa baba yake. Alilala jikoni. Nilikuwa nimeokota Kikipsigis chao, na jioni moja, nikiwa nje ya jiko nachezea majivu, nilimsikia Kogo akimwambia Mzee:

"Huyu msichana atalala na moshi mpaka lini?"

"Chumba kina mtu," Mzee akajibu.

"Angeweza kuchuna, na angelala pale. Ni damu yangu."

"Kemunto anachuna kuliko wewe na dada zako wote. Ukitaka atoke, mwambie wewe mwenyewe. Usinitume mimi. Kisha umweleze mchungaji pia."

Nilisikia sufuria ikisuguliwa muda mrefu, na nakumbuka nilifikiri: Kogo anapenda usafi.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, kama linavyokuwa kabla ya mvua ya alasiri. Mama alileta gunia lililojaa, akaliweka nyuma ya ghala upande wa kivuli, mdomo wazi, arudi kumalizia mstari mmoja uliobaki. "Kaa hapa ulinde," aliniambia. "Kuku wasipande."

Nilikaa. Nilifukuza kuku mmoja kwa bidii kubwa. Ndipo Kogo akaja, kibuyu mkono mmoja, na karatasi ya nailoni, ile ambayo wachunaji hujifunga kiunoni, mkono mwingine.

"Kijana yangu, unalinda peke yako? Hapa kuna baridi. Kuja tuote jua kidogo."

Akafunga mdomo wa gunia. Akalivuta mpaka kwenye ukuta wa mabati ambako jua lilikuwa likipiga moja kwa moja, akalifunika kwa nailoni, akakaa juu yake kwa uzito wake wote. Akapiga paja lake. Nikapanda. Akanipa kibuyu, chote, sikuwa nimewahi kupewa kilichojaa.

"Nikupe gani leo?"

"Ya siagi."

Aliisimulia kama hajawahi kuisimulia. Kila siku alikuwa akiifupisha kwa sababu ya kazi. Siku ile hakuruka kitu. Aliimba wimbo wa msichana mpaka mwisho na akanifundisha kuitikia. Alifanya sauti ya zimwi, akafanya sauti ya mbwa anayelijua zimwi lakini hana maneno. Nilicheka mpaka maziwa yakanitoka puani, akanifuta. Kichwa changu kilikuwa kifuani pake, na nilihisi sauti ikianzia humo kabla ya kusikika. Nilihisi pia joto likinipanda taratibu chini ya mapaja. Nikafikiri ni jua.

Hadithi ilipoisha aliniwekea kiganja chake kwenye paji la uso. Kilikuwa baridi kama kawaida.

Kisha akainuka, akaondoa nailoni, akalirudisha gunia kivulini pale pale lilipokuwa, akafungua mdomo. Akalipigapiga pale alipokuwa amekalia, mpaka shimo likapotea, kama mtu anayetandika kitanda.

"Enda uoshe mdomo," aliniambia.

Sikuosha. Nilitaka ladha ibaki.

Mama alirudi akikimbia. Honi ya lori la chai ilikuwa imeshalia bondeni. Alikunja ngata, akajitwika gunia. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu ndani, akainua mkono akaligusa ubavuni. Honi ikalia tena. Akaondoka, nami nyuma yake.

Karani alipochomeka mkono sikuwa hata natazama. Niligeuka niliposikia jina la Mama.

"Kemunto," alisema. "Hata wewe?"

Akalipindua. Moyo ulikuwa mkubwa kuliko wa Cherono siku yoyote, mwekundu mpaka kingo, na mvuke wake ulinifikia usoni na utamu wake. Cherono ndiye aliyefungua mdomo kwanza. Ningependa kuwaambia kwamba yule mwanamke aliyedharauliwa na wote ndiye aliyemtetea mama yangu. Ingekuwa hadithi nzuri. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Aki leo mtakatifu ameungua! Karibu, dada. Nilikuwa nakaa peke yangu hapa."

Mzee alikuwa pale, na wenzake wa kamati walikuwa wakimtazama yeye, si Mama. Juma hilo hilo alikuwa ameongoza mkutano wa kuwaonya wakulima kwamba shamba litakaloleta majani yaliyoungua lifungiwe mizani kwa muda. Alisema polepole, "Kemunto, hii ni nini?"

"Sijui, Mzee. Niliyaacha kivulini. Mtoto alikuwa analinda." Mama akachuchumaa mbele yangu. Alinishika mabega. Alinitazama usoni, kwanza macho, kisha mdomo, akakaa hapo kwenye mdomo kitambo. "Kuna mtu aliguza hili gunia?"

Niliwaza kwa makini. Nilikuwa mtoto wa kutaka kujibu vizuri. Nilipitisha kila mtu kichwani: Cherono hakuwa amepita. Mgeni hakuwa amepita. Hakuna mbaya aliyekuwa amefika pale. Palikuwa na Kogo tu, na Kogo angewezaje kuchoma kitu?

"Hakuna mtu," nikasema kwa sauti, ili karani anisikie.

"Mtoto hadanganyi," Mzee akasema.

Mama akaanza kuyarudisha majani kwenye gunia kwa mikono miwili. Hakuna aliyemsaidia.

Tulipokuwa tukipanda kilima aliniongoza kwa mkono, kama siku zote. Mkono wake ulikuwa wa moto. Ulikuwa wa moto kila siku, wa mtu aliyechuna tangu alfajiri, umepasuka vidole, lakini siku ile ndipo nilipoutambua. Nikakumbuka siagi. Nikautoa mkono wangu, nikatembea upande wa pili wa njia. Mama aliliweka sawa gunia kichwani, akaendelea kutembea.

Jioni Kogo alikuja chumbani kwetu. Machozi yalikuwa yakimtoka, na nimejaribu kwa miaka kuyafanya yawe ya uongo, nimeshindwa. Nililiona kamasi. Hakuna mtu anayejifanya mpaka kamasi.

"Kemunto, mimi sina neno na wewe. Mungu anajua. Lakini Mzee ameaibika mbele ya watu, na wewe unajua huyu mzee. Amesema hawezi."

"Nimesikia, Mama."

"Kama ingekuwa ni mimi, ungekaa hapa mpaka uzeeke."

"Nimesikia."

Asubuhi alituombea, sala ndefu, akitaja jina langu. Akanipa kibuyu cha maziwa ya njiani, kile kizuri, kilichopambwa kwa shanga. Chebet alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mtoto wake, anatazama chini. Tulishuka mpaka Sotik. Ningependa pia kuwaambia kwamba Mama aliyamwaga maziwa barabarani. Tuliyanywa. Tulikuwa na njaa, na yalikuwa matamu.

Mtaniuliza: ulijuaje kwamba alikusudia? Mimi mwenyewe nimejiuliza kwa ukatili, kama wakili wake. Huenda alichoka akakaa. Huenda alisahau. Lakini Kogo alizaliwa kwenye chai. Mtoto aliyeegemea gunia alichapwa. Kuku aliyetua juu ya gunia alirushiwa jiwe. Na mtu aliyesahau hapigipigi shimo mpaka lipotee, wala hamwambii mtoto akaoshe mdomo. Nilielewa haya nikiwa nimekwisha kuota ndevu, siku moja nikisoma, na kitabu kikaniponyoka mkononi.

Nilikuwa nasoma sana wakati huo, vitabu vya kale vilivyotandazwa chini siku ya soko, vingine havina jalada. Tangu siku hiyo nikawa natafuta humo mtu wa kunieleza Kogo. Riwaya hazikunisaidia, mbaya wake alinuka ubaya tangu ukurasa alioingia, na mwisho alilipwa. Vitabu vya falsafa nilivisoma na kamusi pajani, na nilipata kambi mbili. Wengine walisema binadamu huzaliwa safi, dunia ndiyo inayompaka matope. Wengine walisema ni mnyama aliyefungwa kamba, na kamba ikikatika utamwona. Kila kambi niliishika kwa majira mazima kama dini, nikajaribu kumtia Kogo ndani, na kila mara kitu fulani chake kilibaki nje. Hakuna dunia iliyompaka matope siku ile. Alikuwa na shamba, na ng'ombe, na heshima. Wala kamba haikukatika. Hakukasirika. Alipanga, akasubiri jua, akabeba maziwa.

Nilichokuja kukiona ni kidogo, na hakinifurahishi. Kogo angeweza kumwambia Mama atoke. Ingekuwa ukatili wa dakika moja, na tungelia, na tungeondoka. Lakini hapo angekuwa mwanamke aliyemfukuza mjane, na mchungaji angemsikia, na yeye mwenyewe angejisikia. Alitaka chumba, na alitaka kubaki mwema. Kwa hiyo akaitafuta chai imfukuzie. Kama hangependa wema kiasi hicho, hangetutenda vile. Na nadhani, hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba hadithi ile haikuwa ya kunishikilia tu. Alijua ni ya mwisho. Alinipenda, na aliifanya nzuri, juu ya gunia la mama yangu.

Bado yuko hai. Ninamwona hapa mjini akija kliniki, mjukuu amemshika kiwiko, watu wanapisha njia. Wanasema huyu mama amelea watoto wa watu. Wanasema kweli.

Jioni ya siku ile ya bodaboda nilifika nyumbani nikamkuta Mama anapanga nguo za watu alizofua. Nikamwambia bila kukaa. "Mama, ni Kogo. Ni yeye alilikalia lile gunia. Nilikuwa pajani pake."

Hakusimamisha mikono. "Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kichwa changu kilijua kabla ya karani. Nilisikia moto kwenye ngata. Halafu nikakutazama pale kituoni, mdomo una masizi ya kibuyu mpaka kidevuni. Nani mwingine alikuwa anakupa maziwa?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umesema hakuna mtu. Kwa sauti, mbele ya kamati. Ningesema nini? Kwamba mtoto wa Kemunto ni mwongo?" Akakunja shati, akalilainisha kola. "Wangeamini nani? Ningepoteza kazi, na wewe ungepoteza jina. Nikachukua hasara moja, ya kazi."

Nilitaka kumuuliza kuhusu mkono, ule niliomnyang'anya njiani. Sikuweza. Nilikaa karibu naye nikashika upande wa pili wa shuka, tukalikunja. Viganja vyetu vilikutana katikati. Vyake bado ni vya moto.

Kesho yake yule mkulima wa ndama alirudi dukani, uso umevimba kwa hasira. Majani yake yalikuwa yamekataliwa.

"Hii gunia ilitoka shamba ikiwa sawa. Nani aliikalia hapa?"

Waliokuwa kibarazani wakageuka. Kijana wa bodaboda alikuwa hapo hapo, anachezea ufunguo. Ni kijana mzuri. Mvua ikinyesha hunibeba mpaka nyumbani na kukataa nauli, na mama yake anaumwa, na kila mtu hapa anampenda.

"Ni huyu," nikasema. "Na mimi niliona, nikanyamaza."

"Buda!" kijana akasema. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa ameshangaa tu.

Hajanibeba tena tangu siku hiyo. Kilichobadilika ni hicho: nikiulizwa nani alikuwepo, ninamtaja aliyekuwepo. Siulizi kwanza kama ni mwema.